Kusimamia uchimbaji wa msingi penye mabaki ya moto wa kale: mwongozo kwa saiti za Bagamoyo

Ukanda wa pwani kuanzia Kerege, Zinga, Mbegani na Kaole hadi mdomo wa mto Ruvu unajengwa kwa kasi. Chini ya mikorosho na minazi inayong'olewa kupisha nyumba, hoteli na maghala, mara nyingi hutokea udongo mweusi wenye makaa, mabonge ya udongo uliochomeka, mawe yaliyopasuka kwa joto na mavi ya chuma, yaani taka ngumu zinazobaki chuma kikiyeyushwa au kufuliwa. Kwa opereta wa kijiko huo ni udongo mbaya wa kuondoa haraka, kwa sababu haushiki msingi. Kwa historia ya pwani huenda ndipo mahali pekee panapoonyesha jinsi watu wa kijiji kile walivyoyeyusha chuma, walivyopika au walivyochoma chokaa miaka mia kadhaa, pengine elfu na zaidi, iliyopita.

Mwongozo huu ni wa mwanaakiolojia anayesimama kando ya mashine, na pia wa msimamizi wa saiti anayempangia kazi opereta. Wawili hao wasipoelewana tangu asubuhi, hasara hutokea ndani ya dakika kumi na hairudishiki. Mabaki ya moto yana thamani yakiwa bado yamekaa yalivyoachwa: jivu juu ya sakafu iliyoiva, lundo la taka upande mmoja wa tanuru, njia ya kukanyagia katikati. Mavi ya chuma yaliyokwisha kuchotwa na kutiwa kwenye kiroba yanakuambia tu kwamba kulikuwa na chuma, na hilo tulilijua kabla ya kuanza.

Ayalandi na Uingereza wanayo aina ya mabaki inayofundisha jambo hili vizuri: malundo ya mawe yaliyochomwa na kupasuka, yakiwa yamechanganyika na makaa, kando ya kijito au mahali pa majimaji. Ayalandi peke yake imeorodhesha zaidi ya 7,000, na mengi ni ya Zama za Shaba, yaani miaka 3,000 hadi 4,000 iliyopita. Mawe yalipashwa motoni, yakatumbukizwa kwenye birika la maji lililochimbwa ardhini hadi maji yakachemka, kisha yaliyopasuka yakatupwa pembeni, na lundo likakua kwa umbo la kwato ya farasi. Waliyachemshia nini maji hayo, nyama, kuoga, nguo au pombe, wataalamu bado wanabishana. Mengi yamegunduliwa kwenye ujenzi wa barabara na nyumba, na kilichoyatambulisha ni uhusiano wa lundo, birika na maji. Mahali mashine ilipokwangua lundo na kuliacha birika bila kuliona, kilichobaki ni mawe tu. Nasi tunasimamia kwa msingi huohuo, ingawa vitu tunavyovitafuta ni vingine.

Vibali kwanza

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kuchimba kwa lengo la kutafuta mabaki kunahitaji kibali cha Idara ya Mambo ya Kale, na mtu anayekutana nayo kwa bahati ana wajibu wa kutoa taarifa. Kibali cha ujenzi cha halmashauri hakimpi mtu ruhusa ya kuchimba mabaki, wala cheti cha mazingira hakimpi. Kwa miradi inayohitaji tathmini ya mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hakikisha sura ya malikale katika tathmini inataja usimamizi wa uchimbaji kwa jina, na kwamba gharama yake imo kwenye bajeti ya mradi. Kisichokuwa kwenye bajeti hufutwa wiki ya kwanza saruji inapopanda bei.

Mkataba na mkandarasi uwe na mambo manne yaliyoandikwa waziwazi: nani ana mamlaka ya kusimamisha mashine (awe mtu mmoja, mwenye jina, aliyepo saiti), eneo linalozungushiwa kamba baada ya ugunduzi (anza na mita 10 kila upande), saa ambazo uchimbaji haufanyiki bila msimamizi kuwapo, na mahali mashine itakapohamia wakati eneo moja limesimamishwa. Hilo la mwisho ndilo linalookoa urafiki. Mkandarasi anayelipia kijiko kwa saa hataki kukiona kimekaa. Ukiwa umemwandalia sehemu ya pili iliyokwisha kukaguliwa, atakusikiliza.

Kabla mashine haijafika

Anza na ramani ya 1:50,000, picha za zamani za angani zikipatikana, na picha za setilaiti za miaka tofauti. Zilizopigwa miezi ya ukame ndizo zinazoonyesha mabaka meusi kwenye mashamba yaliyolimwa. Hapo angalia jambo linalowaangusha wengi: ramani zetu za zamani zimechorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, na GPS yako inatoka dukani ikiwa kwenye mfumo mwingine, WGS84. Bagamoyo iko kanda ya 37 Kusini ya gridi ya ramani kwa mifumo yote miwili, kwa hiyo namba zinafanana sura, lakini ukizichanganya unakosea kwa takribani mita 300. Hilo linatosha kukupeleka kwenye shamba la mtu mwingine kabisa. Andika jina la mfumo kwenye kila karatasi yenye namba.

Kisha nenda kwa wazee wa mtaa, ukipitia kwa mtendaji. Salimia, kaa, ongea. Usiulize kama kuna mambo ya kale, kwa sababu hapa neno hilo huamsha habari za mali ya Mjerumani, na usiku huohuo kuna watakaokuja na sululu. Uliza mambo ya kazi: "Mzee, wapi palichomwa chokaa zamani? Mbata zilikaushiwa wapi? Nani alichoma mkaa huku, na miaka gani? Kuna mahali jembe linagonga mawe meusi mazito?" Majibu ya maswali haya yatakuondolea nusu ya makosa ya utambuzi, maana moto mwingi utakaokutana nao ni wa babu zao, si wa watu wa kale.

Tembea eneo lote kwa mistari ya mita 5, watu wakienda sambamba. Wakati mzuri ni baada ya palizi, mvua moja au mbili za kwanza zikiwa zimeosha vumbi juu ya vigae na mavi ya chuma. Katikati ya masika, Aprili na Mei, majani yanakuzidi kimo na hutaona kitu. Chomeka bendera ndogo kila unapoona kitu, usiokote kwanza; mkusanyiko wa bendera ndio unaokuonyesha pa kuchimba.

Mashimo ya majaribio yawe ya sentimita 50 kwa 50, kila mita 10 penye bendera nyingi na kila mita 20 kwingineko. Chimba kwa vipande vya sentimita 10, chekecha udongo wote kwa wavu wa milimita 5, na upime uzito wa makaa, vigae, udongo ulioiva na mavi ya chuma kwa kila kipande peke yake. Ukifika kwenye mchanga safi usisimame papo hapo. Pwani yetu ina mchanga unaohamishwa na upepo na maji, na tabaka la watu huweza kulala chini ya mchanga usio na kitu. Ongeza sentimita 40 au 50 kwa keekee ya udongo kabla ya kuandika kwamba pamekwisha.

Moto gani huu?

Hapa ndipo ujuzi wa msimamizi unapoonekana, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Swali la kwanza ni kama moto uliwaka palepale au taka zake zililetwa. Safisha kwa mwiko ukingo mfupi wa shimo, sentimita 20 zinatosha, utazame rangi inavyoshuka. Moto uliowaka palepale huacha ngazi: jivu au makaa juu, chini yake udongo mwekundu mgumu, kisha wekundu unafifia na kuwa hudhurungi, hadi udongo wa kawaida. Wekundu huo hauna ukingo mkali kwa chini, kwa kuwa joto lilipenya taratibu. Taka zilizotupwa hazina ngazi hiyo. Utaona mabonge mekundu, meusi na ya kijivu yamechanganyika ovyo, na chini yake udongo usioguswa na joto umekatika ghafla. Piga picha ya ukingo huo kabla haujakauka.

Kisiki kilichoungua ndicho kinachodanganya watu zaidi. Mkorosho au mwembe ukichomwa, moto hufuata mizizi chini ya ardhi kwa siku kadhaa na kuacha shimo lenye kuta nyekundu na makaa ndani, mviringo kwa juu kama la tanuru. Lifuate kwa chini: shimo la kisiki huchongoka na kugawanyika matawi, mizizi ilikopita. Shimo la tanuru lina kitako.

Tanuri la mkaa ni refu au la mviringo, lina vumbi jeusi jingi na vipande vikubwa vya makaa vyenye kingo kali, na udongo wa chini yake umeiva kidogo tu kwa sababu moto wake unanyimwa hewa. Vigae huwa havipo, au ni vile vilivyokuwamo shambani tangu zamani. Ukikuta kizibo cha chupa au kipande cha nailoni ndani kabisa ya makaa, wala si juu, umepata jibu.

Tanuu la chokaa huacha matumbawe yaliyolainika, uji mweupe ulioganda na jivu la kijivu. Watu hupenda kudondoshea limau au siki waone kama jiwe linatoa povu. Kipimo hicho hapa hakina maana: tumbawe bichi linatoa povu, na chokaa iliyokaa hewani muda mrefu hutoa povu vilevile. Tazama umbile. Tumbawe bichi linaonyesha vitundu na mistari ya kiumbe chake, lililochomwa limepoteza sura na linakwaruzika kwa ukucha. Wala usipuuze tanuu kwa kuwa unalijua. Kaole ina misikiti miwili na makaburi ya mawe, na chokaa ya majengo kama hayo ilichomwa mahali fulani karibu. Tanuu lenye vigae vya zamani hizo ni ugunduzi mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Nyumba ya udongo iliyoungua hutoa mabonge mekundu yenye alama za fito na miti ya kujengea. Geuza kila bonge. Upande mmoja bapa na mwingine wenye mifereji ya mviringo ni ukuta, na mifereji hiyo ipimwe upana.

Sasa chuma. Mavi ya chuma ya kuyeyushia mawe ya madini ni meusi au ya kijivu iliyokolea, mazito kuliko ukubwa wake, na mengine yana mikunjo ya kitu kilichotiririka kama nta ya mshumaa. Mavi ya mhunzi, anayepasha na kufua chuma kilichokwisha kupatikana, mara nyingi ni kitako cha mviringo, bapa juu na kilichobinuka chini, kinachoenea kiganjani. Kewa, yaani bomba la udongo la kupitishia upepo wa mivukuto, huvunjika vipande vipande. Kipande cha mdomoni kimeyeyuka kikawa kama kioo cheusi au cha kijani, cha nyuma ni udongo mwekundu tu na watu hukitupa wakidhani ni kigae. Kitofautishe kwa tundu lake: upande wa ndani wa kewa umepinda kwa duara dogo la sentimita chache, wakati chungu hupinda kwa upana.

Mahali alipofanyia kazi mhunzi huthibitishwa na magamba ya nyundo, vipande vidogo bapa vinavyoruka chuma cha moto kinapogongwa. Kwa macho huvioni. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko mwembamba wa nailoni juu ya udongo mkavu, kisha ugeuze mfuko nje ndani uone kilichonasa. Tahadhari ya pwani: fukwe zetu zina mchanga mweusi mzito wenye chembe za madini ya chuma, na sumaku itaunasa pia, hata mita mia kadhaa kutoka baharini. Kwa hiyo uzito wa kilichonaswa hauthibitishi lolote. Kitandaze kwenye karatasi nyeupe, ukitazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Chembe za mchanga ni za mviringo na zinang'aa pande zote, magamba ya nyundo ni bapa, membamba, rangi ya kijivu ya samawati, na hukatika ukiyabana kwa ncha ya sindano. Chukua udongo wa kulinganisha mita 50 nje ya eneo, uupime vivyo hivyo. Bila mlinganisho huo, namba zako hazitetewi mbele ya mtu yeyote.

Vigae ndivyo vitakavyokupa zama kwa haraka. Vyungu vyenye michoro ya pembetatu zilizojazwa mistari, chini kidogo ya mdomo, ni vya takribani karne ya 6 hadi ya 10 na vimetapakaa pwani yote. Vile vyenye mdomo mnene uliokatwa pandepande na kutiwa mifuo ya mlalo ni vya zamani zaidi, karne za mwanzo baada ya Kristo, zama za wafua chuma wa kwanza wa ukanda huu. Vyombo vya kung'aa kutoka Ghuba, Uchina au Ulaya vina mafundi wake wa kuvisoma. Wewe hakikisha hakuna kinachotupwa kwa sababu kinafanana na sahani ya nyumbani.

Kijiko kikianza

Bakuli la kijiko lisiwe na meno. Meno huchana ardhi na kuacha mifereji inayoficha kila rangi. Bakuli pana la kusafishia mitaro, la mita 1.5 hadi 1.8, ndilo bora. Lisipopatikana, fundi wa kuchomelea aweke bamba bapa la chuma la milimita 10 mbele ya meno, liwe limenyooka kabisa. Mashine ya minyororo ni bora kuliko ya matairi, kwa kuwa matairi hudidimia kwenye kichanga. Katapila na greda zikae mbali hadi eneo likabidhiwe: zinakwangua mbele huku zinakanyaga nyuma, na huna nafasi ya kuona.

Ongea na opereta kabla hajapanda, na uongee naye kwa heshima ya fundi kwa fundi. Mwonyeshe bonge jekundu na mavi ya chuma mkononi. Opereta mzuri huhisi ugumu wa sakafu iliyoiva kwenye bakuli kabla wewe hujaiona, na akijua unachotafuta atakuambia mwenyewe. Kubalianeni ishara: mkono mmoja juu, simama; kiganja chini kikishushwa, paa kidogo, yaani kwangua utando mwembamba tu; mikono yote miwili juu, zima.

Utaratibu wa kupaa ni huu. Ng'oa vichaka kwa mkono na ukate miti usawa wa ardhi. Visiki vibaki, maana kung'oa kisiki kimoja cha mnazi kunafumua mita mbili za tabaka. Ondoa udongo uliolimwa, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30. Kuanzia hapo bakuli lipae sentimita 5, zikizidi sana 10, kwa kila mkupuo. Mashine irudi nyuma na kusimama daima juu ya ardhi ambayo haijapaliwa, na uanzie upande usio na bendera kuelekea wenye nyingi, ili jicho lizoee udongo wa kawaida kwanza. Simama ubavuni, nje ya mzunguko wa mkono wa mashine, mahali opereta anapokuona usoni. Nyuma yako awepo mtu mwenye jembe bapa anayesafisha ukanda uliopaliwa, na mwingine anayepekua udongo uliomwagwa. Msimamizi mmoja kwa mashine moja ndicho kiwango. Kwa mashine mbili wasimamizi ni wawili, hata kama zinafanya kazi mita 20 tu kutoka nyingine.

Udongo unaomwagwa ukae angalau mita 2 kutoka ukingoni. Mtaro wa kichanga ukizidi mita 1.2 kwenda chini, hakuna anayeingia mpaka kuta zilazwe kwa ngazi au zikingwe kwa mbao na nguzo. Kichanga cha Bagamoyo husimama wima kikiwa na unyevu wa asubuhi, na saa sita kikikauka kinashuka bila kutoa ishara. Hakuna kigae kinachostahili uhai wa kibarua.

Rangi nazo hukauka. Kwenye saa nne jua limekwisha kuufanya mweusi na hudhurungi vifanane. Kuwa na bomba la kunyunyizia maji, lakini lisiwe lile la dawa ya mikorosho: salfa na dawa zilizobaki ndani zinachafua sampuli za kemia na kumdhuru anayechimba. Kwa picha, funika eneo lote kwa kivuli cha turubai. Kivuli nusu na jua nusu huua picha.

Andika daftari kila siku: saa mashine ilipoanza na kusimama, eneo lililopaliwa, kina, aina ya udongo, na ni nani alikuwapo. Siku isiyo na kitu iandikwe kwa uangalifu uleule. Ndiyo itakayothibitisha kwamba eneo lilitazamwa.

Ukikuta kitu

Simamisha, zungushia kamba, hamisha mashine. Mtendaji, afisa utamaduni wa wilaya na Idara ya Mambo ya Kale wajulishwe siku hiyohiyo kwa simu na kwa maandishi. Weka mlinzi usiku wa kwanza. Habari ya kamba nyekundu na watu wanaopiga picha shimo hufika sokoni kabla hujamaliza kufunga turubai.

Safisha kwa mwiko hadi kingo za kila rangi zionekane. Chora ramani ya juu kwa kipimo cha 1:20 ukipima kutoka kwenye mstari wa msingi uliofungwa kwenye vigingi viwili imara, vyenye kimo kinachojulikana. GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5, inafaa kuonyesha eneo liko wapi duniani, haifai kuchora shimo la sentimita 60. Kisha:

Shimo au tanuru likatwe nusu. Chimba nusu moja tabaka kwa tabaka, simamisha ukuta wa katikati kwa timazi, uupige picha, uuchore kwa 1:10, ndipo uchimbe nusu ya pili ukiwa sasa unajua unachokifuata. Kishawishi ni kuchimba shimo lote kwa sababu ni dogo na mkandarasi amesimama juu yako. Kinachofanyika hapo ni kwamba jivu la matumizi ya mwisho linachanganyika na la kwanza, na huwezi tena kusema tanuru lilitumika mara moja au miaka kumi.

Lundo ligawanywe robo nne, kwa kuta za udongo za sentimita 30 hadi 50 kati yake. Anza na robo mbili zinazotazamana kimshazari. Utapata mikato miwili kamili inayopita katikati, na ndiyo itakayoonyesha kama lundo lilimwagwa kutoka upande mmoja. Upande huo ndiko lilikokuwa tanuru, kwa hiyo panua eneo kuelekea huko mita 5 kabla ya kukabidhi. Matanuru mengi hayako ndani ya lundo, na saiti nyingi zimekabidhiwa lundo likiwa limeondolewa vizuri na tanuru likiwa limeachwa mita tatu kando chini ya ngazi ya mbele ya nyumba.

Kila tabaka lipewe namba yake na karatasi yake: rangi kwa kitabu cha rangi za udongo, umbile, kilichomo, ukingo wake na tabaka la juu na la chini yake. Mashimo ya kaa na njia za mchwa ziandikwe pia. Kaa wa nchi kavu hushusha shanga na vigae vidogo chini ya tabaka lake, na ndiyo sababu shanga moja haipaswi kubeba tarehe ya eneo zima.

Sampuli

Makaa ya kupimia umri kwa kaboni yachukuliwe kwa koleo dogo au ncha ya mwiko safi, yafungwe kwenye karatasi ya alumini, kisha kwenye mfuko wenye lebo mbili, ndani na nje. Hakuna kuvuta sigara karibu. Yakauke kivulini kwanza. Ukiyafunga na unyevu, ukungu huota ndani ya siku chache. Chagua kijiti, mbegu au kifuu cha nazi. Kiini cha mti mkubwa kilikufa miaka mingi kabla ya mti kukatwa, na kitakupa umri mkubwa kuliko wa moto wenyewe. Gamba la chaza au kombe la baharini hubeba kaboni ya zamani ya bahari, kwa hiyo lisitumike peke yake. Na kwa mabaki yanayoonekana ni ya kati ya mwaka 1650 na 1950 usipoteze fedha za maabara: kipimo cha kaboni hakiwezi kutenganisha miaka ya kipindi hicho. Shanga, chupa na vyombo vya nje vitakuambia zaidi.

Udongo wa kuoshwa majini ili mbegu na makaa madogo yaelee uwe lita 40 kwa tabaka, yaani ndoo mbili za lita 20, au tabaka lote likiwa dogo. Koroga taratibu kwenye pipa la maji, mwaga kinachoelea juu ya kitambaa chenye matundu ya milimita 0.3, na kilichozama kipite kwenye wavu wa milimita 1. Maji yawe baridi, ya kisima au ya bomba. Maji ya bahari huacha chumvi, na chumvi ikiganda inapasua mbegu zilizoungua. Anika kivulini kwa siku mbili tatu, kwa kuwa juani makaa hupasuka.

Mavi ya chuma yapimwe yote kwa aina na kwa tabaka, hata kama ni kilo mamia. Kisha bakisha sehemu ya kila aina, pamoja na midomo yote ya kewa na kila kipande chenye alama ya kutiririka. Ya kawaida yanaweza kufukiwa tena palepale, mradi uzito umeandikwa.

Mifupa ya watu na kuacha mahali pake

Mfupa wa mtu ukionekana, kila kitu kinasimama, polisi na viongozi wa mtaa wanaitwa, na hakuna mfupa unaoinuliwa. Kibla kwa Bagamoyo kiko kaskazini, kwa hiyo kaburi la Kiislamu hulala mashariki kwa magharibi. Shimo refu jembamba lenye mwelekeo huo, hata likiwa na makaa ndani, litendewe kama kaburi hadi lithibitike vinginevyo. Kuhamisha makaburi kuna sheria yake ya mwaka 1969 na kuna ndugu na shehe wa kushirikishwa. Haliamuliwi na msimamizi wa saiti wala mwanaakiolojia.

Kabla ya kukubali kuchimba lundo zima, zungumza na mhandisi. Mara nyingi nguzo zikisogezwa mita 3, au njia ya magari ikipitishwa juu badala ya shimo la choo, mabaki yanabaki salama chini. Tandaza kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji, juu yake mchanga safi wa sentimita 30, ndipo kokoto zije. Usitandaze nailoni ngumu: unyevu hukwama chini yake na vyuma huliwa na kutu upesi. Mchanga uletwe kutoka mahali pasipo na vigae, usiwe wa ufukweni wenye chumvi. Eneo lililoachwa lichorwe kwenye ramani ya mwisho ya jengo yenyewe, pamoja na kina chake kutoka usawa wa sakafu, na nakala apewe mwenye kiwanja, ili fundi bomba atakayekuja kuchimba mfereji baadaye aikute kwenye makaratasi ya nyumba.